Je, wajua ni nani humlipia mgonjwa wa msamaha, yaani aliyeondolewa malipo, anapotibiwa "bure"?

Wazee wawili wanafika kituo cha afya asubuhi moja. Mmoja anaumwa kifua kikuu, mwenzake presha. Wote wamevuka miaka 60, wote hawana kitu mfukoni, na kwa sera ya afya ya Tanzania wote wana haki ya msamaha. Mwenye kifua kikuu anapewa vidonge vyake na tarehe ya kurudi. Mwenye presha anapimwa, anaonwa na daktari, anaandikiwa dawa. Akifika dirisha la dawa anaambiwa: "Hii imeisha mzee wangu, kanunue nje." Anakikunja kile kikaratasi mara nne, anakitia mfuko wa shati, anaondoka. Wengi walio kama yeye hawaendi popote kununua, kwa sababu fedha ya kununulia ndiyo waliyoikosa tangu mwanzo.

Kwa nini msamaha mmoja umefanya kazi na mwingine haukufanya?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, gharama zikibebwa na kodi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 makabati ya dawa yakabaki matupu, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza kwenye hospitali kubwa, kisha ukashuka taratibu hadi chini. Ili asiye nacho asifie mlangoni, ukawekwa msamaha: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo, na wenye magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Maskini asiye katika makundi hayo hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, mara nyingi akiwa na barua ya mtendaji au serikali ya mtaa yenye muhuri.

Lakini msamaha unamwondolea mgonjwa deni, hauondoi bei ya dawa. Daktari na nesi hulipwa mshahara na Hazina, kwa hiyo kuonwa si tatizo kubwa. Tatizo ni dawa na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara. Kituo huagiza kutoka Bohari ya Dawa ya serikali kwa kutumia fungu la serikali, mgao wa Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili tangu 1999, marejesho ya bima, na fedha za papo kwa papo, yaani zile mgonjwa anazolipa pale pale. Mwenye msamaha anaandikwa kwenye rejesta, na kwa kawaida hakuna shilingi inayorudi kituoni kwa ajili ya jina lake. Dawa aliyopewa imetoka kwenye kapu lile lile la wanaolipa. Kapu likikauka, anayeumia kwanza ni yeye.

Vidonge vya kifua kikuu havitoki kwenye kapu hilo. Hununuliwa kupitia mpango wa taifa, sehemu kubwa kwa msaada wa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na hufika kituoni vimeshalipiwa. Chanjo na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo ni hivyo hivyo. Ni njia nzuri, ila ufunguo wake uko mkononi mwa mwingine: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi walilala na hofu kwamba dawa zingekatika.

Tanzania imejaribu pia njia yake yenyewe, na mimi naipenda kwa jina lake: tele kwa tele. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria 2001. Kaya inachanga, serikali inaongeza kiasi kile kile. CHF iliyoboreshwa ya 2018 iliweka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kasoro yake inaniuma: kijiji kinachochanga kidogo hupata nyongeza kidogo, na kinachochanga kidogo mara nyingi ndicho maskini zaidi.

Hatua iliyosaidia sana ilikuwa ya mwaka wa fedha 2017/18, pale fedha za Mfuko wa Pamoja zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati, badala ya kukaa halmashauri. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akaweza kuagiza kile anachokiona kimeisha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kwenye kiini chenyewe. Inaanzisha mfuko wa kuwalipia bima wasio na uwezo, ikitaja vyanzo kama kodi ya vinywaji baridi, pombe na vipodozi. Mzee wa presha akiwa na kadi iliyolipiwa, kituo kitadai malipo yake kama kinavyodai ya mtumishi wa serikali mwenye bima, na kwa fedha hiyo kitaagiza dawa nyingine. Hilo litategemea orodha ya maskini iwe ya kweli, na mfuko ulipe kwa wakati.

Ukitaka kuona hali ilivyo kwenu, kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Waulize mambo mawili: mwezi uliopita msamaha umegharimu kiasi gani, na ni dawa zipi wazee waliambiwa wakanunue nje.