Je, wajua kwa nini sumu ya mgodi humdhuru hata mtoto asiyewahi kuingia mgodini?

Kila likizo ya Juni, mabasi yanayotoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, hujaa watoto wa Dar es Salaam wanaopelekwa kwa bibi na babu zao mikoani, na baadhi yao hushukia Geita, Kahama au Chunya, ambako uchumi wa mtaa unategemea dhahabu. Mzazi humwonya mwanawe asisogelee maduara ya wachimbaji, na onyo hilo ni sahihi, ila linahusu hatari ya kutumbukia tu. Sumu haina haja ya kumsubiri mtoto shimoni, kwa kuwa inaweza kumfikia uani anapocheza.

Chanzo chake kimo ndani ya jiwe lenyewe. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa pia na madini ya salfa yaliyochanganyika na metali zenye sumu kama aseniki, risasi (ledi) au kadimi, ambayo yamefungiwa humo kwa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Punje nzima ya pilipili manga haimpigishi mtu chafya mpaka isagwe, na jiwe nalo ni vivyo hivyo. Karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, likishalifanya unga, vumbi lake hutua kwenye vyombo vilivyoanikwa na kwenye nguo za baba anayerudi nyumbani, huku masalia yaliyorundikwa nje, yale yanayoitwa marudio, yakikutana na hewa na mvua. Madini ya salfa yakikutana na vitu hivyo viwili huzaa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizobaki na kuzishusha kwenye vijito na visima.

Mtoto mdogo hutambaa katika udongo huo na kutia vidole mdomoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwili wake unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima kutoka katika kiasi kilekile kilichoingia tumboni, na hali huwa mbaya zaidi akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi, ukaipeleka kwenye ubongo unaokua na kuihifadhi mifupani, na kwa msichana akiba hiyo inaweza kurudi katika damu miaka mingi baadaye, akiwa mjamzito. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Wanakijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, hata kwa mashine za kusagia nafaka, bila kujua kwamba mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Zaidi ya watoto 400 walifariki dunia, na wengi wao walikuwa chini ya miaka 5.

Zebaki, metali ya majimaji inayotumika kunasa dhahabu, ina njia yake, nayo haitoki katika jiwe, bali huletwa na mchimbaji. Huchanganywa na unga wa jiwe, ikashikamana na dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya mkaa mpaka zebaki iondoke. Ajabu ni kwamba zebaki ya majimaji ikimezwa, tumbo hufyonza kidogo mno, lakini mvuke wake ukivutwa, mapafu hufyonza takriban asilimia 80. Kwa hiyo donge likichomewa jikoni, aliye hatarini ni kila anayepumua humo, akiwemo mtoto aliye mgongoni mwa mama. Zebaki inayofika mtoni hubadilishwa na bakteria kuwa aina inayojilimbikiza katika samaki na kupenya kondo la nyuma hadi kwa kichanga kilichomo tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake mwaka 2020, lakini zebaki bado iko mikononi mwa wachimbaji wadogo.

Kuhusu aseniki, sisi wa mjini tuliozoea kuchemsha maji ya kunywa hujidanganya kirahisi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki: maji yakipungua sufuriani, aseniki hubaki ileile katika maji machache zaidi. Haina rangi, harufu wala ladha, na dalili zake, kama vile mabaka ya ngozi na viganja kuwa vigumu, huchukua miaka kujitokeza, kabla ya saratani ya ngozi, kibofu au mapafu. Kisima kilicho karibu na machimbo hakijulikani usalama wake mpaka maji yapimwe maabara.

Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo, ingawa haziurudishi ubongo ulioharibika. Huko Zamfara, Madaktari Wasio na Mipaka hawakuwaanzishia watoto matibabu mpaka udongo wenye sumu uondolewe kwanza majumbani mwao, kwa sababu mtoto aliyetibiwa angerudi kucheza katika ua uleule.