Ufanisi wa nishati: maana yake kabla hujabadilisha friji au hita

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, uniti imekwisha. Ufanisi wa nishati ni kiasi gani cha uniti hiyo kimefanya kazi uliyoitaka. Kinachobaki hupotea, mara nyingi kama joto. Balbu ya zamani ya wati 60 inaunguza vidole kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake haikuwa mwanga. LED ya wati 9 inamulika karibu sawa nayo.

Ila si kila kikuukuu kinakula umeme. Asubuhi ya Julai pale Uyole au Makambako, hita unayochovya kwenye ndoo ina kazi ya kutoa joto, na karibu umeme wake wote huwa joto. Kwa ndoo ile ile, hita mpya haitakuokolea kitu. Pasi nayo ni hivyo hivyo.

Friji ni habari nyingine. Lenyewe huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na kompresa ikichoka au mpira wa mlango ukilegea, linafanya kazi bila kupumzika. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, badilisha mpira kwanza. Tuseme friji lako la mtumba linavuta wastani wa wati 60 usiku na mchana: hizo ni uniti 43 kwa mwezi. Lenye wastani wa wati 25 litatumia 18. Kwa nyumba inayojitahidi isivuke uniti 75 kwa mwezi ili ibaki kundi la bei nafuu, tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, hesabu za Dar es Salaam usizibebe zilivyo. Kwenye baridi ya Njombe friji hupumzika zaidi, kwa hiyo pesa ya friji jipya itachelewa kurudi.

Mimi ningeanzia jikoni. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Jiko la presha la umeme hupandisha joto kupita hapo na kulizuia lisitoroke, hivyo maharage yaliyolowekwa usiku huiva ndani ya saa moja, wakati kwenye jiko la umeme la koili yangechemka muda mrefu zaidi.