"Wao Wenyewe Ndio Walionikodishia": Dhana Potofu Kuhusu Bunduki kwa Mhamiaji Aliyeko Marekani

Mwaka juzi, wakati wa mapumziko ya Thanksgiving, kijana mmoja wa Kitanzania ninayemchukulia kama mdogo wangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Kavaa vizuia kelele masikioni, kashika bastola kwa mikono miwili, na mbele yake inaning'inia karatasi ya shabaha yenye matundu saba. Chini kaandika: "Kaka, nimelenga kama mwanajeshi!" Nilimpigia palepale. Yeye ni mwanafunzi, yuko Texas kwa viza ya masomo. Nilipomwambia kwamba alichofanya mchana ule kinaweza kumfikisha jela na kumkatizia masomo, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini kaka, wao wenyewe ndio walionikodishia. Hata paspoti wameitoa kopi."

Maneno hayo nimeyasikia kwa namna nyingi, kwa Wakenya wa Minnesota na kwa Wakongo wa Kentucky. Kwetu bunduki ni jambo la serikali: huipati mpaka umepita polisi, umehojiwa, na jina lako limeandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo tukiona duka limeweka bastola kwenye kabati la kioo, kando ya buti na ndoano za kuvulia samaki, tunaamini kwamba kama ingekuwa haramu kwetu, muuzaji angetuzuia. Hapo ndipo watu wetu wanapoangukia.

"Wameniuzia, basi naruhusiwa"

Muuzaji si afisa uhamiaji. Anakupa fomu namba 4473, unaijaza na kutia sahihi, naye anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI. Majibu yakichelewa, siku tatu za kazi zikipita bila FBI kusema hapana, sheria ya shirikisho inamruhusu akukabidhi bunduki. Kukabidhiwa huko hakukusafishi wewe. Kama umo kwenye orodha ya waliokatazwa, umeshatenda kosa tangu ulipoishika, na sahihi yako iko chini ya majibu uliyoyatoa.

Orodha yenyewe imo katika sheria ya udhibiti wa bunduki ya mwaka 1968, kifungu cha 922(g). Wamo waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa, wanaotumia dawa za kulevya, waliowekewa amri fulani za mahakama kwa ugomvi wa kimapenzi au wa ndoa, na wasio na ukaazi halali. Mwaka 1998 Bunge la Marekani likaongeza kundi ambalo wengi wetu tumo: mtu aliyeingia kwa viza ya muda. Viza ya matembezi, ya masomo, ya kazi kama H-1B, zote zimo humo. Wageni wa nchi zisizohitaji viza kwa matembezi mafupi wana hesabu yao tofauti, lakini Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayekuja kwa muda huingia kwa viza, kwa hiyo kifungu hicho kinamlenga moja kwa moja.

Neno "kumiliki" pia linatupotosha. Sheria inakataza kuwa na bunduki *au risasi*, hata kama si mali yako, hata kwa saa moja. Adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 10. Tangu Juni 2022 ni hadi miaka 15.

Iko kesi moja ninayoisimulia kila ninapopata nafasi. Hamid Rehaif, kijana kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, alikwenda Florida kwa viza ya masomo. Alama zikawa mbaya, chuo kikamwondoa, na hadhi yake ya uanafunzi ikafutwa. Hakuondoka. Tarehe 2 Desemba 2015 alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akanunua boksi la risasi, akakodi bastola kwa saa moja. Siku chache baadaye mfanyakazi wa hoteli aliyokuwa akiishi alimtilia shaka, akawaita polisi, na hiyo saa moja ikamletea kifungo cha miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilisema serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba Rehaif alijua hadhi yake ya ukaazi ni ipi. Wengine wameupokea uamuzi huo kama kinga ya kusema "sikujua". Sivyo. Anachoweza kujitetea nacho mtu ni kutojua kwamba yeye yumo kwenye kundi lililokatazwa, kwa mfano kama hakujua kuwa ukaazi wake umekwisha. Kutojua kwamba sheria inakataza hakumwokoi mtu. Na mwanafunzi ambaye viza yake imebandikwa kwenye paspoti atasemaje kwamba hakujua aliingia kwa viza?

"Mwenye viza haruhusiwi kamwe, haina mjadala"

Hii ni dhana potofu ya upande wa pili, na huwa naisikia kwa watu makini wanaoogopa kupita kiasi. Kifungu hichohicho kina milango. Unaojulikana zaidi ni leseni ya kuwinda: mwenye viza ya muda, akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, anaondolewa kwenye katazo hilo la shirikisho. Aliyeruhusiwa kuingia mahsusi kwa uwindaji au mashindano ya kulenga shabaha naye ana mlango wake, na kama anataka kuja na bunduki yake kutoka nje, anaomba kibali cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kwa fomu ya 6NIA kabla hajasafiri.

Lakini mlango huo ni mwembamba. Leseni ya uwindaji ina tarehe ya mwisho, na nyingi huisha kila mwaka. Siku ikiisha nawe bado una bunduki kabatini, umerudi kwenye katazo. Haimsaidii aliyepitisha muda wa kukaa, kwa sababu huyo anakamatwa na kifungu kingine, cha wasio na ukaazi halali. Tena kila jimbo lina sheria zake juu ya hizi za shirikisho. Illinois wanataka kadi maalumu, iitwayo FOID, kabla hujashika bunduki au risasi. Minnesota wanataka kibali kabla ya kununua bastola. Leseni ya uwindaji haiondoi hata moja kati ya hayo.

"Nina kibali cha kazi na namba ya Social Security"

Kibali cha kazi kinakuruhusu kufanya kazi, na namba ya Social Security ni ya kodi na mafao, basi. Hili linawaumiza hasa ndugu zetu walioomba hifadhi wakiwa hapahapa. Mtu aliingia kwa viza ya matembezi, akafungua maombi, miaka inapita, ana kadi ya kazi, ana leseni ya udereva, analipa kodi kuliko majirani. Anajiona yumo ndani ya nchi kihalali, na kwa mambo mengi ya kila siku anaishi hivyo. Kwa upande wa bunduki, mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ilishaamua kwamba maombi yanayosubiri majibu, hata yakiambatana na kibali cha kazi, hayamgeuzi aliyepitisha muda wake kuwa mkaazi halali.

Mkimbizi aliyeletwa kwa mpango wa makazi mapya, kama Wakongo wengi waliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma, hali yake ni nyingine kabisa. Yeye hakuingia kwa viza ya muda, hivyo katazo la viza halimgusi. Nimeona watu wakiwachanganya hawa wawili ndani ya familia moja, kaka akimshauri dada kwa hadhi yake mwenyewe, kumbe kila mmoja alipita mlango wake.

Machi 2024 ikazunguka kwenye magrupu habari kwamba "asiye na karatasi sasa anaruhusiwa bunduki". Chanzo chake kilikuwa hakimu mmoja wa shirikisho Illinois aliyefuta mashtaka ya mtu mmoja kwa mazingira ya kesi yake. Agosti mwaka huohuo, mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi ilisema wazi kwamba katazo linabaki. Ujumbe wa kwanza ulinifikia mara tano. Huu wa pili haukunifikia hata mara moja.

"Bunduki si yangu, ni ya binamu"

Wengi wetu tunaanza maisha huku kwenye sebule ya ndugu. Binamu ni raia, ana bastola kwenye droo ya kitanda, nawe mwenye viza unalala chumba cha pili. Kuishi nyumba moja na mwenye bunduki si kosa. Kosa linaanza pale waendesha mashtaka wanapoweza kuonyesha kwamba ulijua ilipo na ulikuwa na uwezo na nia ya kuitawala: imo kwenye chumba mnachotumia wote, imo chini ya kiti cha gari unaloendesha wewe, au sefu ina namba ambazo wewe pia unazijua. Kwa hiyo mwambie ndugu yako bila kuona haya: "Binamu, weka kwenye sefu yako, na namba usinipe." Gari lake ukiliazima, muulize kwanza kuna nini ndani.

"Shemeji ana karatasi, ataninunulia"

Fomu ya 4473 inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukinunua kwa pesa ya mtu mwingine na kwa ajili yake, kisha ukajibu ndiyo, umesema uongo kwa serikali. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bruce Abramski, aliyekuwa askari polisi, aliyemnunulia mjomba wake bastola aina ya Glock ili kupata punguzo la polisi. Mjomba hakuwa na katazo lolote, angeweza kwenda dukani mwenyewe, na hata hivyo Abramski alishindwa kesi. Sasa fikiria anayemnunulia mtu *aliyekatazwa*: tangu 2022 hilo lina kifungu chake, na kifungo chake kinafika miaka 15. Shemeji naye ana watoto wa kulea.

Kwenye fomu hiyo kuna pia kisanduku cha uraia. Yapo makosa ambayo mhamiaji anaweza kusamehewa. Kujidai raia wa Marekani kwa uongo ni katika yale ambayo karibu hayana msamaha. Kisanduku kimoja kimewahi kumfungia mtu njia ya grini kadi.

"Nina grini kadi, niko sawa na raia"

Dukani, karibu ndiyo. Mwenye grini kadi anaweza kununua na kuwa na bunduki kihalali, na katazo la viza halimhusu tena. Mbele ya jaji wa uhamiaji hamko sawa hata kidogo. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote, mwenye grini kadi akiwemo, anaweza kurudishwa kwao akipatikana na hatia ya kununua, kuuza, kutumia, kuwa na au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote. Haijali kama kosa lilikuwa dogo, wala kama ulilipa faini tu ukaenda nyumbani. Raia akikutwa na bastola mahali pasiporuhusiwa, anapambana na jimbo lake, yamekwisha. Wewe unaweza kukubali kosa ili yaishe haraka, kama wakili wa jinai alivyokushauri, halafu barua ya uhamiaji ikafuata nyuma. Kabla hujakubali kosa lolote linalotaja silaha, mwanasheria wa uhamiaji aione hati ya mashtaka.

Ndiyo maana kuvuka mipaka ya majimbo kunanitia hofu. Texas, tangu Septemba 2021, watu wazima wengi hubeba bastola bila kibali. Ukiendesha gari na bastola hiyohiyo hadi New Jersey, umebeba kesi.

"Nitarudi nayo nyumbani, si nina risiti?"

Kibali cha Marekani hakivuki bahari. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili kibali cha kuingiza kinatangulia, bunduki inafuata. Huku Marekani nako, raia au mwenye grini kadi anayesafiri na bunduki yake lazima aitangaze kwa forodha na kwa shirika la ndege, ikiwa haina risasi ndani, kwenye sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli. Na kila uwanja unaopitia, Doha, Istanbul au Amsterdam, una sheria za nchi yake. Kuificha kwenye pipa au kwenye gari linalokwenda Mombasa au Dar kwa kontena ni magendo ya silaha, na jina lililoandikwa kwenye pipa ni la mama yako anayelisubiri.

Risasi moja inatosha kukuharibia safari. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa visiwa vya Turks and Caicos kwa risasi zilizosahaulika kwenye mizigo, na sheria ya huko ilitaja kifungo cha kuanzia miaka 12. Begi lililowahi kwenda uwanja wa shabaha lisipande ndege nawe. Likilazimika, ligeuze ndani nje na upapase mishono kwa vidole.

"Nimeshanunua, niirudishe polisi mwenyewe"

Usiibebe. Ukiiweka kwenye gari uende nayo kituoni, unakutwa nayo njiani. Mpigie wakili kwanza, yeye apange mtu aliyeruhusiwa au muuzaji mwenye leseni aje aichukue. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2015 kwamba mtu aliyekatazwa anaweza kuomba bunduki zake zihamishiwe kwa mwingine, mradi asibaki na usemi juu yake.

Mdogo wangu aliniuliza kama aifute ile picha. Nilimwambia asifute wala asimtumie mtu mwingine, mpaka aongee na wakili. Jumatatu ile alikwenda, nami nikamsindikiza. Kabla ya kuulizwa lolote kuhusu bastola, aliombwa aonyeshe I-94 yake, rekodi ya uhamiaji inayoonyesha aliingiaje nchini na anaruhusiwa kukaa hadi lini.