Programu haijui pishi

Fundi wa Chake Chake atakwambia bomba ni la nusu inchi, nondo ni ya milimita 12, ubao ni mbili kwa nne, paa ni futi 30 kwa 40 na tangi ni la lita 5,000. Yote kwa pumzi moja, na hakosei, kwa kuwa kila kimoja anakijua kwa mkono. Kazi huharibika namba hizo zinapoingizwa kwenye kompyuta. Kuziingiza ndiyo kazi yangu, na dhana zinazotupoteza ni zilezile. Baadhi zilinipoteza mimi mwenyewe.

Dhana: ukiandika 40, kompyuta inajua ni futi. Haijui. Kwenye programu za hesabu kama Excel, Python au MATLAB ya kawaida, 40 ni 40 tu; futi umebaki nazo kichwani. Zipo programu zinazobeba kipimo pamoja na namba. Mathcad imejengwa hivyo tangu mwanzo, Mathematica ina Quantity, MATLAB inavyo vipimo ndani ya Symbolic Math Toolbox, na Python huongezewa maktaba iitwayo Pint. Katika nyingi ya hizo, ukijumlisha futi na mita, hugeuza zenyewe. Ukijumlisha futi na kilo, hugoma. Ila sharti uwe umetaja.

Dhana: kugeuza ni kuzidisha mara moja, basi. Hii ilinigharimu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hesabu ya kuvuna maji ya masika huonekana nyepesi. Paa la futi 30 kwa 40 ni futi za mraba 1,200. Nikazidisha kwa 0.3048, nikapata 365.76, nikaziita mita za mraba. Kwa mvua ya milimita 50 zikatoka lita zaidi ya 18,000, na mwenye nyumba akaanza kuulizia bei ya matangi. Ukweli ni kwamba futi ya mraba ina futi mbili ndani yake, urefu na upana, na kila moja inataka 0.3048 yake. Eneo ni mita za mraba 111.5. Maji ni kama lita 5,570, kabla hujatoa yanayomwagika kwenye gata. Ningeandika tu kuwa 1,200 ni futi za mraba, programu ingegeuza sawasawa bila mimi kukumbuka chochote.

Dhana: vipimo vikikubaliana, jibu ni sahihi. Chukua kisima cha duara. Weka kipenyo mahali pa nusu kipenyo: mita ni mita, jibu linatoka kwa mita za ujazo, programu haikohoi. Umepata maji mara nne ya yaliyomo. Kipimo hukamata kosa la aina, hakikamati kosa la fikra.

Pembe nazo: andika sin(30) kwenye Python au MATLAB na utapata -0.988 badala ya 0.5, kwa sababu inasoma radiani, kipimo kingine cha pembe, si digrii. Nenda kapime mteremko wa paa na hiyo.

Dhana: nyuzi za Selsiasi hugeuzwa kama mita. Maji ya nyuzi 27 yakichemshwa hadi 100 yamepanda nyuzi 73, nazo ni kelvini 73. Lakini joto la nyuzi 73 ni kelvini 346.15, kwa kuwa kelvini huanza kuhesabiwa nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukichanganya hayo mawili, lita moja inayohitaji kilojuli 306 hivi itadaiwa karibu 1,450. Ndiyo maana Pint ina jina moja la joto lenyewe na jina jingine, delta_degC, la tofauti ya joto.

Dhana: vipimo vyetu vya zamani havina nafasi humo. Vinayo. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 15.9, na kwenye Pint ni mstari mmoja: frasila = 35 * pound. Pishi ni vibaba vinne, mstari mwingine. Kisha nikaomba pishi igeuzwe kilo, ikakataa. Nikadhani nimekosea kuandika, kumbe iko sahihi: pishi ni ujazo, kilo ni uzito, na baina yao lazima useme ni pishi ya nini.

Kuchanganya vipimo si jambo dogo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Lita zilizidishwa kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, na jibu likasomwa kilo. Mafuta yalikuwa chini ya nusu, yakaisha angani, na rubani akaitua kama tiara kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Kanada. Walipona wote.

Nilipomweleza bibi kwamba kompyuta imeniuliza pishi ya nini, alicheka. "Imeuliza nusu, mjukuu wangu. Ya tele au ya mfuto?"

Faili langu sasa lina pishi_tele, iliyojazwa hadi kufurika, na pishi_mfuto, iliyosawazishwa mdomoni. Ya mchele nimeipima kwa mizani ya dukani. Ya karafuu mbichi bado sijaiandikia uzito, maana zilizochumwa na umande si sawa na za saa nane mchana.