Magofu ya msituni: ogopa kidudu kabla ya chui

Kila picha za setelaiti zikisambaa kwenye simu, hatukosi kijana wa kubisha mlango wa ofisi yetu ya mambo ya kale hapa Nairobi. Ananionyesha kimraba katikati ya kijani kibichi: "Daktari, hizi si kuta?" Mara nyingi ni mwamba, au shamba lililoachwa. Nikisikia amekwisha kununua panga na gamboti, basi habari za kuta naziweka kando, namuuliza siku ya pili atakunywa maji gani.

Wengi hujiandaa kwa chui na chatu. Mwaka 2015 msafara wa wanaakiolojia uliingia msitu wa Mosquitia, Honduras, kukagua magofu yaliyokuwa yameonekana mwaka 2012 kwa miali ya leza kutoka kwenye ndege. Walikuwa na wanajeshi na watu waliobobea kuishi porini. Nyoka wa sumu walikuwepo, lakini kilichowapata wengi wao ni leishmania, ugonjwa wa vidonda vya ngozi unaoletwa na kidudu kidogo kuliko mbu, kisichovuma hata ukamsikia akija. Kidonda hutokea wiki kadhaa baadaye, mtu ameshafika nyumbani: kinaanza kama kipele, kinachimbika katikati, mara nyingi hakiumi, na hakiponi. Aina nyingine za huko Amerika hurudi baadaye kula nyama laini ya ndani ya pua na mdomo. Kwa hiyo ukirudi kutoka msitu wowote na una kidonda cha namna hiyo, mwambie daktari ulikokwenda. Asipojua, atakupa dawa ya kupaka, na miezi itapita.

Magofu yenyewe nayo yana hila zake. Pale Gede, karibu na Malindi, utaona mizizi ya miti mikubwa imekumbatia kuta. Mgeni hudhani mzizi ndio unaobomoa. Kweli uliupasua ukuta, ila sasa ndio unaoushikilia. Ukiukata kwa panga, mawe yanakushukia. Kuna pia visima vya kale. Katika mji uliotunzwa unaviona; msituni vimefunikwa majani makavu, na mguu ndio unaovigundua.

Vyumba vya giza na mapango ni makao ya popo. Sisi Wakenya hatuna haja ya mifano ya mbali: mwaka 1980 na 1987, watu wawili waliokuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, wakafa. Usiingie, usikae humo kula, usiguse kinyesi cha popo.

Kupotea sitakuongelea sana. Percy Fawcett, mzoefu wa Amazon, alipotelea Brazili mwaka 1925 na wenzake wawili hadi leo. Chini ya miti minene jipiesi huyumba, na giza hukuwahi kabla jua halijatua. Mwachie mtu njia yako kwa maandishi, pamoja na saa ambayo usipopiga simu aanze kukutafuta.

Ukiumwa na nyoka, usifunge kamba wala kuchanja. Tuliza kiungo kisisogee, ubebwe hadi hospitali.

Na kwa hapa Kenya, Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inadai kibali kabla ya kutafuta au kuchimba mambo ya kale, na ukikuta kitu kwa bahati utoe taarifa. Kwa hiyo hicho kimraba kilete kwanza. Tutakilinganisha na ramani na picha za zamani, kazi ya asubuhi moja, tena umeketi.