Piano ya jukwaani haishiki tuni: tatizo uanze kulitafuta wapi?

Mpiga piano akilalamika kwamba piano ilituniwa asubuhi na jioni imeshapotoka, wengi hukimbilia kusema pini, vile vyuma vinavyoshika na kukaza nyuzi, zimelegea. Mimi pini huziacha mwisho. Kwanza nasikiliza ni nyuzi zipi zimehama, na zimepanda au zimeshuka.

Oktava za katikati zikihama kwa pamoja, huku besi na noti za juu kabisa zikibadilika kidogo tu, chanzo ni unyevu wa hewa. Ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, hutengenezwa kwa mti wa sprusi. Ukinyonya unyevu huvimba, mgongo wake huinuka, daraja, yaani mbao inayobeba nyuzi, husukumwa juu na nyuzi hukaza. Hewa ikikauka, sauti hushuka. Hapo spana ya kugeuzia pini haisaidii: weka kipimo cha unyevu karibu na piano, na uhakikishe unyevu unakaa kati ya asilimia 40 na 50 bila kuyumbayumba. Taa za jukwaa nazo hupasha nyuzi joto. Chuma hurefuka na sauti hushuka ndani ya dakika chache, kabla mbao hazijahisi chochote. Kwa hiyo huomba taa ziwashwe mapema, nituni katika joto lile lile la onyesho.

Ila kama ni noti moja moja za juu, na kati ya nyuzi zake tatu mmoja umeteleza baada ya kupigwa kwa nguvu, mara nyingi kasoro imetoka mkononi mwa fundi. Ukigeuza spana, pini hujipinda kwanza juu kabla sehemu iliyozama kwenye ubao wa pini, ule unaozishika, haijazunguka. Uzi nao hukwama kwa msuguano pale unapokandamizwa na fremu, hivyo kipande kilicho upande wa pini hukaza kuliko kile kinacholia. Ukiondoka hapo, umeacha deni litakalodaiwa katikati ya konserti. Mimi hupandisha uzi kidogo kupita noti, nikaushusha taratibu huku nikipiga kibonye kwa nguvu ya mpigaji mwenyewe. Kisha naegemeza spana kidogo huku na huku bila kuzungusha pini. Sauti ikirudi pale pale kutoka pande zote mbili, nachomoa spana.

Pini iliyolegea kweli haijifichi: inazunguka kwa wepesi mno, na uzi unashuka ukiwa bado unausikiliza. Pini zilizolegea zikiwa chache, weka nyingine nene zaidi. Zikiwa nyingi, kagua ubao wa pini kama una nyufa.