V6 au V8 kwa boti ya starehe Ziwa Viktoria: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kampala, V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa safu mbili kwa umbo la V (V6 ina sita), ni cheo. Ukilitaja tu, msikilizaji anaiona Land Cruiser ya mheshimiwa ikipasua foleni. Heshima hiyo imeteremka nayo hadi ziwani. Pale Ggaba, Munyonyo na Entebbe, mtu anayetaka boti ya kuipeleka familia visiwa vya Ssese huanza kwa kuuliza injini ina silinda ngapi, kabla hata ya kuuliza boti ina uzito gani na itabeba watu wangapi. Swali hilo peke yake halimsaidii, na injini ya boti ni ghali mno kununuliwa kwa sifa.

Hata hiyo Land Cruiser yenyewe imebadilika. Mwaka 2021 Toyota ilipotoa toleo la 300, iliziacha silinda nane na kuweka V6 zenye tabo (turbo) mbili za kusukuma hewa ndani ya injini, za petroli na za dizeli. Zote mbili zina nguvu kuliko V8 zilizozitangulia.

“V6 ni V8 iliyokatwa”

Dhana hii ina chimbuko la kweli, ndiyo maana haifi. Kwa miaka mingi V6 iliyoenea katika boti za starehe ilikuwa MerCruiser ya lita 4.3, ya kampuni ya Mercury. Kiini chake kilitoka kwa Chevrolet, ndugu wa damu wa V8 ya lita 5.7, ila imepungukiwa silinda mbili. Pembe kati ya safu zake ilibaki nyuzi 90, pembe inayoifaa injini ya silinda nane kuliko ya sita, kwa hiyo ilitetemeka mpaka ilipoongezewa shafti ya kusawazisha. Fundi aliyekomaa na injini hizo hakosei anaposema nane ilikuwa laini zaidi na yenye nguvu zaidi.

Lakini mwaka 2014 Mercury ilitoa V6 ya lita 4.5 iliyobuniwa kwa ajili ya boti tangu mwanzo, ya nguvu za farasi 200 au 250. Kwa injini zinazofungwa nje tezini, yaani nyuma ya boti, mageuzi ni makubwa zaidi. Suzuki DF350A ya mwaka 2017 ni V6 ya lita 4.4 inayotoa farasi 350. Mwaka uliofuata Mercury ilileta V8 ya lita 4.6 ambayo toleo lake la kawaida liliishia farasi 300. Yamaha ilitoa farasi 350 kwa V8 ya lita 5.3 mwaka 2007, na mwaka 2023 ikazipata farasi zilezile kwa V6 ya lita 4.3. Nguvu hutokana na ujazo, jinsi injini inavyovuta hewa, mgandamizo na mizunguko kwa dakika. Idadi ya silinda ni njia tu ya kuugawa ujazo huo.

Uzito nao unadanganya. V8 hiyo ya Mercury ina takriban kilo 239, na V6 ya lita 3.4 ya kampuni hiyohiyo kilo 216. Tofauti ni kilo 23, haifiki mtungi mmoja wa maji wa lita 25. Suzuki ya silinda sita niliyoitaja ina takriban kilo 330, nzito kuliko V8 hiyo.

“V8 inafilisi kwa mafuta”

Boti hailijui jina la injini. Inachohitaji ni nguvu fulani ili isukume maji kwa mwendo fulani, na injini za petroli za mapigo manne hutumia karibu lita nne kwa saa kwa kila farasi kumi wanaofanya kazi. Ikiwa boti yako inahitaji farasi 150 ili iende vizuri, hesabu ni kama lita 60 kwa saa, ziwe silinda sita au nane.

Tofauti hutokea pembeni. V6 iliyobebeshwa boti nzito huendeshwa mkono wa gesi ukiwa mwisho safari nzima, na hapo kompyuta yake huongeza petroli ili kuzipoza silinda. V8 kwenye boti nyepesi inayozunguka taratibu hupoteza mafuta kwa kuvuta hewa kupitia mlango wa hewa uliofungwa nusu. Kwa hiyo V6 iliyozidiwa inaweza kunywa kuliko V8 inayofanya kazi kwa raha. Nimewasikia watu wakikataa jambo hili kwa hasira, lakini hesabu za safari ndefu ya kisiwani hulithibitisha.

“Nguvu iliyoandikwa kwenye kofia ya injini ndiyo nitakayoipata”

Hili ndilo ningependa kila mnunuzi wa Uganda alielewe, maana vitabu vya injini vinaandikwa kwa watu wa pwani. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyembamba. Farasi 300 wa Mombasa wanafika Entebbe wakiwa kama 266, na 250 wanabaki kama 222. Ziwa Albert, lililo kwenye mita 620 hivi, lina nafuu. Bunyonyi, karibu mita 1,960, linakula takriban moja ya tano.

V6 na V8 hupoteza asilimia ileile, lakini kinachobaki si sawa. Boti ya kasi ina kilima chake: ule muda omo, mbele ya boti, inapopanda juu na boti inahangaika kabla ya kulala na kuteleza juu ya maji. Hapo ndipo ujazo mkubwa unapolipa, kwa kuwa propela inahitaji msukumo mzito katika mizunguko ya chini. Kwa boti ya mita sita na watu watano, V6 ya kisasa inatosha hata kwa mwinuko wetu, na mimi singeongeza shilingi. Boti ya mita nane au tisa yenye watu kumi, matangi mawili yaliyojaa na mtu wa kuvutwa kwenye ubao nyuma, hiyo nunulia V8 bila kusita.

Kabla ya kubadilisha injini, badilisha propela. Propela iliyokuja na boti kutoka pwani mara nyingi ni ndefu mno ya hatua kwa hapa; hatua ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Pakia watu na mafuta kama siku ya safari, sukuma mkono wa gesi mpaka mwisho, usome saa ya mizunguko. Injini nyingi za nje zinatakiwa zifike kati ya 5,000 na 6,000. Isipofika, inachakaa taratibu, hata kama ina silinda nane.

“Nitafunga V8 ya gari, ni injini ileile”

Si ileile, na hapa sitanii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya kwenye ngama, chini kabisa ya boti, ambako hakuna upepo wa kuupeperusha. Stata na alteneta za boti zimezibwa ili cheche zisitoke, na mdomo wa hewa una kizuizi cha moto. Vya gari havina. Cheche moja inatosha kuilipua boti. Ndiyo maana hata mwenye injini halali huwasha feni ya kutoa mvuke kwa dakika nne kabla ya kupiga stata.

Kuna na kazi yenyewe. Gari likishapata mwendo hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake, lakini boti ni kama gari linalopanda mlima siku nzima.

“Injini kubwa itanusuru boti iliyojaa”

Haiwezi. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe MV Templar kilizama Ziwa Viktoria upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Maafisa walisema kilikuwa na watu kupita kiasi na hali yake ilikuwa mbovu. Mipaka ya watu na ya farasi iliyoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji inahusu umbo la boti. Silinda mbili za ziada haziisogezi.

“V8 hudumu zaidi”

Kinachoamua ni historia yake. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo chumvi si tatizo, ila magugu maji na tope huziba njia ya maji ya kupoza na kuila impela, kigurudumu kinachosukuma maji hayo. Mtumba uliotoka baharini ni habari nyingine: fungua bomba la ekzosi uangalie kutu ndani kabla ya kulipa, na kama muuzaji hakubali lifunguliwe, ondoka.